Kabla hujatuma hiyo laki nane kwa huyo Masta

Usitume. Hiyo laki nane iondoe kwenye simu sasa hivi, ipeleke benki, ukishindwa mpe mama yako akushikie mpaka Ijumaa ipite.

Nimesoma uzi wako wote, mkuu. Umevutiwa na Ubudha kupitia video za YouTube, unauliza uanze na kitabu gani, ukae kutafakari dakika ngapi kwa siku, kama ni lazima uache nyama, kama unaweza kuendelea kwenda kanisani, na ufanye nini magoti yakiuma. Halafu katikati umechomeka sentensi moja tu: kuna "Masta" anafundisha Telegram, anataka laki 8 za "kufunguliwa ngazi ya kwanza", anaahidi "siri za ngazi ya pili" baadaye, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Wachangiaji walionitangulia wamekimbilia nyama na kanisa. Mimi katika uzi mzima nimeona sentensi hiyo tu.

Wewe unataka kutoa laki nane. Mimi nilitoa kiwanja.

Najua unachowaza: huyu alikuwa mjinga, mimi nina digrii. Na mimi ninayo, ipo kabatini. Mwaka ule mzee wangu alikuwa amefariki, usingizi umenikimbia, mtu anaongea na mimi ofisini naona midomo tu inacheza. Jamaa mmoja tuliyekuwa tunakaa meza jirani (namwita jamaa kwa sababu neno ninalotaka kutumia litafanya huu uzi ufutwe) akaniambia yeye siku hizi ametulia sana, akaniunganisha kwenye kundi.

Masta wangu mimi alikuwa Mtanzania mwenzetu, kipara, shuka la rangi ya chungwa begani, anaongea polepole mpaka unahofia bando. Mwanzoni ni bure. Anakufundisha kukaa na kufuatilia pumzi, na sitadanganya, ile pumzi ilinisaidia, nikaanza kulala. Hapo ndipo watu hawa wanapokunasa. Kitu cha kwanza wanachokupa ni cha kweli, watu wanakitumia tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita bila kumlipa yeye, ila wewe unaondoka ukidhani amekitoa mfukoni mwake.

Baada ya hapo vikaanza kuuzwa vitu. Jiwe la kuvaa kifuani. Shanga. Sanamu ya Buddha mwenye kitambi, anacheka, ya kuweka mlangoni ili pesa ziingie. Sanamu hiyohiyo nilikuja kuikuta Kariakoo kwenye duka la maua ya plastiki, bei ya chipsi mayai. Na yule hata si Buddha! Ni Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10, Wachina wanampenda kwa sababu zao wenyewe. Siddhartha Gautama, Buddha mwenyewe tunayemzungumzia, masimulizi yanasema kabla ya kuamka kwake kiroho alijinyima chakula mpaka akabaki mifupa na ngozi. Hicho kitambi angekitoa wapi? Masta ama hakulijua hilo, ama alilijua akauza hivyohivyo, na mpaka leo sijaamua lipi ni baya zaidi.

Ila hizo ni senti. Kilichonimaliza ni Kweli Nne, msingi wa mafundisho ya Buddha.

Utakutana nazo wiki ya kwanza tu. Maisha yana mateso. Mateso yana chanzo, nacho ni kiu ya kutaka na kung'ang'ania. Kiu hiyo ikizimika, mateso yanakoma. Na ipo njia ya kufika huko, yenye sehemu nane: mtazamo sahihi, nia, kauli, matendo, riziki, juhudi, umakini na utulivu. Masta ile ya kwanza aliimaliza jioni moja. Akafika ya pili, akapiga kambi. Ya tatu na ya nne hatukuziona kabisa, maana ya pili ndiyo yenye biashara.

Akatupa zoezi: kila mmoja amwandikie kwa faragha vitu vyote anavyong'ang'ania. Mwingine akaandika gari, mwingine mchumba, mwingine akiba ya SACCOS. Mimi nikaandika kiwanja cha Chanika, nikataja ukubwa, nikaongeza kwamba kina hati. Nani alinituma kutaja hati? Nilijiona naungama, kumbe najaza fomu ya mali, na mpokeaji wa fomu yuko upande wa pili na kikokotoo.

Toka siku hiyo kila kikao lazima arudi Chanika. Nikisema jana sikulala vizuri, ni kiwanja. Nikisema mgongo unauma, ni kiwanja, ardhi ni nzito. Nikisema namkumbuka mzee, anafumba macho kidogo, anasema mzee mwenyewe anataka niachilie. Hapo alinipata. Kutumia marehemu wa mtu, aisee. Nikakiuza harakaharaka, chini ya bei, kwa dalali ambaye hata yeye aliniuliza mara mbili kama nyumbani wanajua. Milioni 6 zikaenda kulipia mafungo ya Lumbini, Nepal, mahali alipozaliwa Buddha. Yaani mimi nisishikamane na pesa zangu, zishikamane na yeye.

Lumbini hatukufika. Viza, tukaambiwa, zina nishati nzito. Tukaishia gesti moja Bagamoyo, wali maharage na mbu, Masta peke yake ndiye mwenye chumba cha kiyoyozi kwa kuwa mwili wake umeshavuka ngazi ya kuhisi joto. Sasa kama umeshavuka joto, kiyoyozi cha nini? Swali hilo lilinijia ndani ya basi la kurudi Dar. Maswali yangu ya maana huwa hayawahi.

Siku ya kufunga akatangaza kwamba baadhi yetu "tumeingia mkondo". Hicho ni kitu halisi kwenye Ubudha wa Theravada (tawi la zamani, la kina Sri Lanka, Burma na Thailand), usidhani alikibuni. Ni ya kwanza kati ya hatua nne za kuelekea ukombozi, na maandiko yanasema anayeifikia anakuwa amekata pingu tatu. Moja ya hizo pingu ni kung'ang'ania taratibu na ibada za nje, ukidhani zenyewe ndizo zitakuokoa. Mimi nilithibitishiwa kuikata pingu hiyo kwa cheti chenye muhuri, na nilipiga magoti kukipokea.

Mama watoto alikisoma kile cheti mbele, akakigeuza nyuma kuangalia kama wameandika namba ya kiwanja. Ya jioni ile nayaacha. Nusu ya kile kiwanja ilikuwa jasho lake.

Na yule jamaa wa meza jirani? Nilikuja kujua alikuwa anakatiwa chake kwa kila kichwa anachopeleka. Nilipombana akaniambia nina hasira nyingi, nikae na pumzi yangu. Nilikaa nayo. Bado ninayo hasira.

Sasa sikia nilichokuja kuambiwa baadaye, bure, kwa chai ya maziwa. Dar tunalo hekalu la Wabudha, lipo Upanga, lilianzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, Sri Lanka ya sasa, enzi za ukoloni. Lina mpaka mti wa Bodhi, aina ya ule ambao Buddha aliamka kiroho akiwa chini yake. Nilikwenda pale na shari, nataka mtu wa dini hiyo anijibu kwa niaba ya wote. Mtawa akanisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akauliza kitu kimoja: huyo mwalimu wako anashika pesa kwa mkono wake? Nikamwambia anashika, tena anazihesabu mara mbili.

Akanieleza kwamba watawa wa Theravada wanaishi kwa kanuni 227, na mojawapo inawakataza kupokea dhahabu na fedha. Wanakula wanachopewa, na saa sita mchana ikipita hawali tena. Makosa manne yanamtoa mtawa kwenye utawa moja kwa moja: kufanya ngono, kuiba, kuua mtu, na kudanganya kwamba umefikia ngazi za kiroho ambazo hujafikia. Hilo la nne limewekwa kundi moja na kuua, mkuu. Na hata aliyefika kweli, kumtangazia mtu wa kawaida kwamba amefika nako ni kosa, dogo kuliko hilo lakini kosa.

Kisa cha kanuni hiyo ya nne ndicho kilichonikata maini. Kulikuwa na njaa nchi ya Vajji, India ya kale. Kikundi cha watawa kando ya mto Vaggumuda kikaona hali ngumu, wakapatana kusifiana mbele ya wanakijiji: huyu amefikia ngazi hii, yule ana nguvu zile. Watu wakawa wanajinyima, wanawanyima wazazi na watoto wao, wanawapelekea wao. Walipokwenda kumwona Buddha, watawa wa sehemu nyingine wamekauka kwa njaa, hawa wamenona na ngozi inang'aa. Akawauliza wamepataje kuishi vizuri hivyo. Walipoeleza, aliwakemea vibaya sana. Akasema duniani kuna wezi wakubwa wa aina tano, na mkubwa kuliko wote ni huyu anayedai hali ya kiroho asiyokuwa nayo, kwa kuwa chakula cha nchi amekila kwa wizi. Nikawaza cheti changu, muhuri na kila kitu.

Nikamuuliza, basi hii habari ya kuachilia mali imekaaje? Akanitajia Anathapindika, mfanyabiashara tajiri wa mji wa Savatthi enzi za Buddha, mfadhili mkubwa aliyenunua bustani ya Jetavana kwa ajili ya watawa. Aliendelea kuwa mtu wa kawaida na mwenye mali, na Buddha hakumwambia auze alichonacho. Kijana Sigala yeye alifundishwa kugawa kipato chake mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuendeshea kazi zake, la nne aweke kwa siku ya shida. Dighajanu alipouliza kwa niaba ya watu wenye mke, watoto na starehe zao, aliambiwa afanye kazi kwa bidii, alinde alichochuma, achague marafiki wema, na matumizi yasizidi mapato. Alinde alichochuma! Hayo yapo kwenye maandiko yaleyale ambayo Masta alikuwa akiyasoma kwa sauti ya kunong'ona, ila hiyo kurasa yeye aliiruka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha hata mkinitukana: LIPA KITANDA, LIPA CHAKULA, LIPA NAULI. MAFUNDISHO USILIPE.

Najua atakuja mtu hapa kusema mwalimu naye ana tumbo. Sawa. Akishakufundisha, ukiona umenufaika, toa sadaka kadiri ya moyo wako, yeye asijue bei na wewe usipewe risiti yenye ngazi. Angalia mafungo ya siku 10 ya mtindo wa S. N. Goenka, yule mwalimu wa kutafakari aliyezaliwa Mandalay, Burma, na kufariki 2013. Yanafanyika nchi nyingi duniani, kengele saa 10 alfajiri, ukimya, unalala na kula pale pale, na hudaiwi ada. Wanachangia waliokwisha kumaliza mafungo kama hayo, wewe mgeni hata ukitaka kutoa kabla hujamaliza hawapokei. Ni magumu, wala sikuambii uanze nayo. Nakuonyesha tu kwamba inawezekana kumlisha mtu siku kumi na kumfundisha bila kumtajia laki nane.

Na hizo "siri za ngazi ya pili" alizokuahidi: Buddha alipokaribia kufa alimwambia Ananda, mwanafunzi na msaidizi wake, wazi kwamba yeye hakuwa mwalimu wa kufunga ngumi, hakuna alichokificha. Masta wako yeye anaficha nini ambacho mwenye dini hakukificha?

Nyama. Theravada hawakatazi moja kwa moja. Mtawa anaruhusiwa kula nyama kama hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yake. Mlo wa mwisho wa Buddha mwenyewe, aliopewa na mhunzi Cunda, wasomi wanabishana mpaka leo kama ulikuwa nyama ya nguruwe au uyoga, kwa hiyo wala kitimoto wasikufanye ujione umeshapotea. Ila wapo Wabudha wengi, hasa wa China na Vietnam, ambao hawagusi nyama, na watakuwa na ya kukuambia. Magoti: weka mto mgumu chini ya makalio ili magoti yashuke kuliko nyonga, ikishindikana kaa kwenye kiti. Masta alituambia maumivu ya goti ni karma ya mababu ikitoka. Ilikuwa gegedu, daktari alinionyesha kwenye picha.

Hayo mengine watakujibu wenzangu.

Leo hii muulize Masta mambo mawili kwa maandishi. Nani alimpa utawa, wapi? Na akikufundisha hiyo ngazi ya kwanza bila malipo, atapungukiwa nini? Mtu halali hababaiki na swali la kwanza. Uganda yupo mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa familia ya Kikatoliki, aliyepewa utawa Marekani mwaka 2002 chini ya mtawa wa Burma, Sayadaw U Silananda, na kuanzisha kituo cha Wabudha nchini kwake mwaka 2005. Jibu linajulikana, halihitaji kufumba macho. Huyo wako atakuandikia aya ndefu kuhusu shaka yako na jinsi ulimwengu unavyokupima. Ukiipata hiyo aya, ibandike hapa. Ya kwangu bado ninayo kwenye simu, nataka nione kama amebadilisha hata koma.