Wanatheolojia waliotetea utumwa: tuwasome au tuwaache?

SWALI

Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika wa Kipresbiteri hapa Malindi, na huwafundisha vijana wanaojiandaa kwa kipaimara. Hivi karibuni kijana mmoja alisema darasani kwamba amesoma jinsi wanatheolojia mashuhuri wa Kipresbiteri wa Marekani walivyotetea utumwa, akauliza kwa nini sisi, ambao baadhi ya mababu zetu walilimishwa kwa nguvu katika mashamba ya papa hapa, tuendelee kujifunza kwao. Je, tuyaweke kando maandishi yao?

Mzee wa kanisa, Malindi

JIBU

Ndugu mzee, mwambie kijana huyo kwamba aliyoyasoma ni kweli, wala usimpunguzie uzito wake. James Henley Thornwell wa South Carolina na Robert Lewis Dabney wa Virginia, watu wenye elimu kubwa na uhodari wa kuifafanua neema ya Mungu, waliitumia elimu hiyo hiyo kuhalalisha mtu kumilikiwa na mtu. Dabney alichapisha kitabu kizima cha kuutetea utumwa mwaka 1867, ulipokuwa umekwisha kukomeshwa kwao. Charles Hodge, mwalimu wa theolojia katika chuo cha Princeton, naye aliwahi kumiliki watumwa. Katika mji ambao mashamba yake ya mtama yalilimwa na watumwa katika karne ya 19, na katika nchi ambako utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, kijana ana haki ya kuuliza, na anastahili kujibiwa bila kuzungushwa.

Hata hivyo, nakuomba umfungulie Katekisimu Kubwa, mafundisho ya imani yetu kwa maswali na majibu, iliyotungwa na mkutano wa wanatheolojia huko Westminster, London, ulioanza mwaka 1643. Swali la 142, linapotaja dhambi zinazokatazwa na amri ya nane, linautaja wizi wa watu waziwazi, kama Paulo anavyowataja “waibao watu” katika 1 Timotheo 1:10. Thornwell na Dabney walikuwa wachungaji wa kanisa lililoikiri katekisimu hiyo. Basi si urithi wa Kipresbiteri uliowapoteza, bali waliupa kisogo pale ulipodai wapoteze mali na heshima yao.

Wako wengine ambao hawakuupa kisogo, nao ni Wapresbiteri vilevile. George Bourne, mchungaji huko Virginia, alitoa kitabu mwaka 1816 akionyesha kwamba Biblia na utumwa havipatani, na wachungaji wenzake walimvua uchungaji. John Rankin wa Ripley, katika jimbo la Ohio, aliwapokea nyumbani kwake watumwa watoro waliovuka mto Ohio usiku wakitafuta uhuru. Sisi wa pwani, ambao masimulizi ya watoro waliokimbilia misitu ya bara ya Malindi tumeyasikia kwa wazee wetu, tungepaswa kumjua Rankin kuliko tunavyomjua Hodge, na nasikitika kwamba sivyo ilivyo.

Tena, Ungamo la Westminster lenyewe, tamko la imani lililotungwa na mkutano uo huo, katika sura ya 31, linakiri kwamba mabaraza yote ya kanisa tangu nyakati za mitume yanaweza kukosea, na kwamba mengi yamekosea, kwa hiyo yasifanywe kanuni ya imani. Ikiwa mabaraza hupimwa kwa Maandiko, sembuse mwanatheolojia mmoja. Kijana wako, alipomhukumu Dabney, alifanya lile ambalo ungamo letu linamtaka alifanye. Mwambie hivyo mbele ya wenzake.

Sishauri, basi, kuwaacha wote. Wapo wasiofaa kukosekana darasani kwako, na kwa maoni yangu wa kwanza ni Thomas Boston wa Ettrick, Uskoti, aliyefariki mwaka 1732. Alizika watoto sita, na mkewe aliteswa miaka mingi na maradhi ya akili. Ndiyo maana mafundisho yake juu ya Mhubiri 7:13, kuhusu yale ambayo Mungu ameyapotosha na mwanadamu hawezi kuyanyosha, humfikia mjane na mgonjwa bila kuwadanganya kwamba imani huondoa kila shida. Mpango wa kusoma Biblia alioutoa Robert Murray M’Cheyne, mchungaji wa Uskoti, mwaka 1842 nao unafaa kwa vijana: Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingine mara moja.

Anza somo lijalo na swali la 142, kisha mpe kijana huyo huyo awasomee wenzake habari za Bourne na Rankin.