Baba anataka utabibu, mimi nataka nyuki

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, nyumbani ni Urambo. Nina C za Baiolojia, Kemia na Jiografia, na D ya Fizikia. Baba analima tumbaku, na ameshaongea na baba mdogo anilipie ada ya chuo cha utabibu. Mimi tangu nikiwa darasa la sita nafuatana na babu porini kwenye mizinga yake, na ninachotaka ni nyuki. Baba anasema hiyo ni kazi ya waliokosa shule. Baba mdogo anasema ada yake ni ya utabibu, si ya asali. Nifanyeje bila kuvunja adabu?

JIBU: Marahaba. Alama zako hazijakufungia mlango wa utabibu. Stashahada yake ni miaka 3, na inataka angalau D nne, zikiwemo za Baiolojia, Kemia na Fizikia. Chuo cha serikali cha ufugaji nyuki nacho kiko Tabora mjini, si mbali na kwenu. Sifa zake zisome kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, usiazime karatasi ya aliyeomba mwaka juzi.

Sasa baba. Mkulima wa tumbaku huishi kwa msimu. Anapanda, anakausha kwenye bani, anapanga madaraja, halafu siku ya soko mwingine ndiye anayeamua daraja, na fedha humfikia chama cha ushirika kikishakata mkopo wa pembejeo. Mtu wa namna hiyo akisikia mwanawe anataka kazi nyingine ya msimu, lazima ashituke. Utabibu kwake ni mshahara wa kila mwezi, basi. Ukimwendea na neno "napenda" utarudi mikono mitupu. Mwendee na hesabu.

Chukua mizinga 10 ya masanduku. Usiihesabu yote: mingine nyuki hawaingii, mingine huvamiwa na siafu, mingine huangushwa na nyegere. Weka 7. Kila mmoja upe kilo 8, wala usidanganywe na zile 20 za kwenye semina. Hizo ni kilo 56. Lita ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28, nawe una ndoo 2. Zidisha kwa bei ya kijijini wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, si bei ya Dar es Salaam. Toa mbao, waya wa kuning'inizia, bomba la moshi na mavazi ya kinga. Utaona mwenyewe kwamba mizinga 10 hailishi nyumba. Mpelekee baba jibu hilo lilivyo, bila kulipamba, kisha piga tena kwa mizinga 60 na useme misimu mingapi itapita kabla hujaifikisha.

Atakuuliza kinachoharibika ni nini. Jiandae. Viunzi, vile vijiti vya juu ya mzinga ambako nyuki huning'iniza sega, kwa nyuki wetu huwa na upana wa milimita 32; fundi akivizidisha, nyuki hujenga sega kiunzi hiki hadi kile, na siku ya kurina unavunja kila kitu. Ukirina masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, maji kwenye asali huzidi asilimia 20, asali inachacha ndani ya ndoo na mnunuzi anakurudishia. Mizinga ikiwa jirani na shamba linalopuliziwa dawa, nyuki hufa. (Hili mnaweza kulimaliza nyumbani, maana mwenye bomba la dawa ni baba.) Na kama babu bado anatengeneza mizinga ya magome, mwambie kwa adabu kwamba myombo uliochunwa gome kuzunguka shina hukauka, na huo ndio unaowapa nyuki maua.

Kuna jambo ambalo barua yako imelichanganya. Kufuga nyuki hakudai cheti. Kuwa afisa nyuki wa halmashauri, au kuajiriwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kunadai. Amua unataka lipi kabla hujaita kikao. Ukichagua la pili, unaweza kumwambia baba kwamba mshahara upo, ila usimwahidi ajira. Nafasi ni chache.

Nani aongee? Anza na mama, kisha babu. Baba anaweza kukwambia wewe kwamba nyuki ni kazi ya waliokosa shule. Hawezi kumwambia hivyo baba yake mzazi, mwenye mizinga. Baba mdogo mshukuru kwanza, ndipo umwombe. Akikataa, ana haki yake, fedha ni zake. Lakini usipokee ada ya utabibu ukaipeleka kwenye nyuki. Hapo adabu ndiyo itakuwa imevunjika kweli.

Wakati mnaongea, dirisha la maombi lisikupite. Kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, na chuo cha nyuki unakiomba chenyewe, kwa hiyo unaweza kuomba kote kuwili, baba akijua.

SWALI: Mimi ni mama, niko Kasulu. Binti yangu amefaulu kidato cha nne, anataka tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Baba yake alimjazia PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwenye fomu binti akiwa bado shuleni. Bado inabadilika?

JIBU: Inabadilika, mama. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua kwa muda Selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua masomo, ili wanafunzi warekebishe tahasusi na vyuo. Ukifungwa, umefungwa. Angalieni kwanza alama zake kwenye masomo matatu ya kila tahasusi: kama za PCB hazitoshi, mazungumzo na mzee yatakuwa mafupi. Kama zinatosha, mkae naye kabla binti hajagusa chochote, kwa sababu akibadilisha kimyakimya baba ataijua habari siku majina ya waliochaguliwa yakitoka.