Kabla hujageuza ofisi ya zamani kuwa nyumba ya wazee, kalia kiti cha magurudumu kwanza

Watu wa hapa Jinja, Uganda, wananiuliza sana, hasa wenye yale majengo ya zamani ya Wahindi pale mjini, eti mama uliwezaje kugeuza ofisi ya pamba kuwa nyumba ya wazee, wale wanaohitaji mtu wa kuwasaidia kuoga, kuvaa, kukumbuka dawa. Mi nawajibu hivi: azima kiti cha magurudumu, kikalie mwenyewe, zunguka jengo siku nzima kabla hujatoa hata shilingi. Sikufanya hivyo na nimelipia.

Jengo letu lina ile sura mnaijua, mwaka umeandikwa juu kwa mbele, baraza pana, milango ya mvule ile ya vipande viwili. Niliipenda hiyo milango jamani. Kumbe kila kipande ni sentimita 50 tu, ukifungua kimoja kiti hakipiti (kinataka kama 90), na kile cha pili kimeshikwa na komeo la chini kabisa, sa mzee aliyekaa atalifikiaje? Fundi alitaka kung'oa yote aweke ya chuma, nikamwambia we hamisha makomeo tu, milango iache.

Halafu ngazi. Nne tu, sentimita 60 kwenda juu, nikaona si kitu. Lakini rampu ya kusukuma mtu bila kumwua inataka mita 12 kwa kila mita 1 ya kupanda, maana yake sisi mita 7 na kitu, na mbele ni barabara, utaiweka wapi? Tukaipeleka nyuma uchochoroni. Mama mmoja akaniuliza, mwanangu, wageni wanapita mbele sisi tunapita nyuma kama marobota ya pamba? Niliona aibu kweli. Tukapaka rangi huko nyuma, tukaweka taa na mabenchi na meza ya mapokezi, sasa kila mtu anapita huko, hata daktari.

Pesa nyingi zaidi zililiwa na kuta. Mkandarasi wetu, simtaji, aliona kuta zinatoa unga akabandua chokaa yote akapiga plasta ya simenti, ikapendeza bana, mvua za masika zilipokuja plasta ikavimba kama chapati, rangi ikadondoka, chumba kikanuka ukungu na humo analala mtu mwenye pumu. Tofali za zamani na chokaa hunywa maji halafu huyatoa polepole, ukizifunga na simenti maji yanabaki ndani. Tukabandua tena, tukarudisha chokaa, hela mara mbili. Tafuta fundi mzee anayejua chokaa, wapo, usidanganywe kwamba wameisha.

Na vyuma vya kushikia chooni usikubali vile vya skrubu na plastiki. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, mtu mzito, alishika chuma siku ya pili kikatoka na unga wa tofali, bahati yake akarudi kukalia choo. Sa hizi bolti zinapita ukuta mzima, upande wa pili kuna bamba na nati.

Kuna kile chumba cha hela chenye mlango mzito wa chuma, wengine hukivunja, sisi tumekifanya stoo ya dawa. Mzee wa reli akitaka vidonge vyake anasema anaenda benki.

Karatasi nazo. Mengi ya majengo haya yalikuwa ya Waasia waliofukuzwa na Amin 1972, wengine walirudi wakarudishiwa mali, mengine bado yana kesi, kwa hiyo kagua taito, yaani hati ya kumiliki, ofisi ya ardhi na uulize pia bodi ya serikali inayosimamia mali hizo, usijenge kwa maneno ya broka. Kibali cha jiji lazima, na kabla hujagusa sura ya mbele waulize watu wa makumbusho.

Hesabu ya kila mwezi msiifanye kwa matumaini. Ile hela ya serikali ya wazee ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, tena mpaka ufike miaka 80, nepi peke yake inaimaliza. Familia ndo zinalipa, na kuna zinazochelewa.

Mchoraji wetu wa ramani alitaka kuziba baraza kwa vioo apate vyumba viwili zaidi. Nilikataa na sijutii, hata kama vyumba viwili ni hela. Nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa hapa Jinja, najua mzee anataka kuona watu. Saa kumi jioni hupati nafasi pale, wamejipanga wanaangalia boda na kutaja nani ni mtoto wa nani. Kuna jamaa aliwahi kunitangaza mjini kwamba natunza wazee waliotupwa, siku hizi akipita na boda yake, mjomba wake aliyekaa hapo barazani anamwita kwa jina la utotoni mbele ya abiria, inabidi asimame asalimie.