Akili ikihama mwili ukabaki: maswali yenu

*Dada, nilitakiwa kushuka Magomeni nashtuka nipo Kariakoo, njia nzima sikumbuki. Utotoni nilipigwa sana. Ndo naanza kichaa?*

Hapana mdogo wangu, sio kichaa. Inaitwa disosiesheni. Mtoto anayepigwa na mtu anayeishi nae hana pa kukimbilia, kupigana hawezi, sasa ubongo unafanya kilichobaki, unamtoa yeye pale, mwili unabaki unapigwa ila mwenyewe hayupo. Ilikuokoa wakati ule. Shida ni kwamba ubongo haujajua kama umeshakua, konda akipaza sauti tu unaondoka tena. WHO, shirika la afya duniani, imeiweka trauma hii ya muda mrefu, yaani kidonda cha akili kinachobaki baada ya kuumizwa sana, kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, kwa hiyo hujitungii. Ila mwambie na daktari, maana kuna kifafa kinachompotezea mtu fahamu kidogo bila kuanguka, nacho kichekiwe.

*Nikianza kuhama nifanyeje? Niliambiwa nifumbe macho nipumue, ikazidi.*

Pole jamani, na sio kosa lako, wengi wetu kufumba macho ndo kunatupeleka mbali zaidi. Fumbua. Taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyonusa, 1 unachoonja. Siku nyingine mimi hata huko sifiki, nakanyaga sakafu kwa nguvu, nang'ata ndimu, najiambia leo jumanne, nipo kwangu, mlango nimefunga mwenyewe. Hilo la mlango ndo linanirudishaga. Fanya mazoezi ukiwa umetulia, sio usubiri mpaka uhame ndo uanze kukumbuka namba. Na kama upo jikoni zima jiko kwanza, nilishaungua mkono nikaja kusikia maumivu baadae kabisa.

*Mke wangu anaganda ghafla hajibu. Nimtikise? Mama anasema ni mapepo.*

Usimtikise kaka, wala usimshike kabla hajakuruhusu, kwa wakati ule mkono wako anaweza kuuona ni wa yule aliyemuumiza. Kaa pembeni anapokuona, muite jina taratibu, mwambie wewe nani na mpo wapi. Akirudi mpe maji, usimhoji. Maombi sawa kama anayataka mwenyewe, lakini watu kumshikilia kwa nguvu na kumpigia kelele ni kumrudisha kulekule alikotoka, hapo naomba sana umlinde.

*Nimepata mshauri, mbona hataki nimwambie yote haraka?*

Huyo kazi anaijua, mng'ang'anie. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliandika tangu 1992: kwanza usalama, ndo kumbukumbu, ndo kurudi kwenye maisha na watu. Ukifukua yote siku ya kwanza na kurudi hujajifunza, unahama hapohapo kwenye kiti. Mimi miezi ya mwanzo tulikua tunaongelea usingizi na chakula tu, nikaona napoteza hela, kumbe ndo nilikua najifunza kubaki chumbani na mtu mwingine.