Re: Vézelay kwa siku moja na mama mwenye magoti mabovu

Habari dada. Umeuliza kama Vézelay, mji mdogo wa kilimani huko Ufaransa, inafaa kwa siku moja kutoka Paris, bila gari, ukiwa na mama ambaye magoti yanamsumbua. Inafaa, ila panga usafiri kwanza. Treni inaondokea Paris-Bercy hadi Sermizelles-Vézelay, na kutoka stesheni hadi mjini ni kama kilomita 10. Weka miadi ya teksi kabla hujaondoka, na mwombe dereva awapandishe hadi juu. Mimi nilimtembeza mama mkwe kuanzia chini na mtaa ule wa mlima ulimchosha kabisa.

Juu kuna Basilika ya Mtakatifu Maria Magdalena. Humo ukumbini, kabla ya kuingia kanisani penyewe, mkalishe mama atazame mchongo wa karne ya 12 juu ya mlango: Kristo na mitume, na pembeni mataifa ya dunia, wengine wana masikio makubwa ajabu, wengine vichwa vya mbwa. Mimi nilikaa hapo karibu saa nzima.

Mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri hapa mwaka 1146 akiwahimiza watu waende Vita vya Msalaba vya pili. Mahujaji walikuja kwa ajili ya masalia (mabaki ya mwili) ya Magdalena, ila baadaye walipungua, baada ya Saint-Maximin, mji wa kusini mwa Ufaransa, kudai mwaka 1279 kwamba masalia hayo yako kwao.

Mkiweza, nendeni karibu na Juni 21. Inapokaribia saa nane mchana, jua hutandaza madoa ya mwanga katikati ya sakafu, mstari mmoja hadi altareni.

Nyuma ya kanisa kuna baraza tambarare inayotazama bonde la mto Cure. Mama atapumzika hapo.