Dereva wa Igoma na barafu ya Texas

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa Noah, nabeba wanafunzi kati ya Igoma na Nyakato, huu ni mwaka wa 9 na sijawahi kugonga. Mwezi wa 12 nakwenda kuishi kwa dada yangu Dallas, Texas, na nitakuwa naendesha gari lake. Anasema theluji huko si ya kila mwaka, ila ikidondoka mji mzima unasimama. Mimi theluji nimeiona kwenye simu tu. Dada anasema nisiogope kwa sababu gari lake ni 4WD, yaani injini inasukuma matairi yote manne. Je, ni kweli? Na ile swichi ya SNOW kwenye magari yetu ya Japani kazi yake ni nini?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hongera kwa safari, na hongera kwa hiyo miaka 9. Kubeba watoto wa watu kwenye foleni ya Mabatini kila asubuhi si mchezo.

Dada yako nampa heshima yake, lakini kwenye hili la 4WD hatuelewani. 4WD inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii. Breki ziko kwenye matairi manne katika kila gari, hata Vitz. Kwa hiyo mwenye 4WD anaondoka kwenye barafu kirahisi, anaona kumbe barabara si mbaya, ukweli anakuja kuujua mita 20 kabla ya taa nyekundu. Nilikaa Denmark misimu miwili ya baridi nikiendesha lori dogo la kusambaza maua, na magari niliyoyaona yamelala mtaroni mengi yalikuwa hayohayo makubwa yenye 4WD.

Chukua hesabu hii. Ukiwa na mwendo wa maili 30 kwa saa (wenzetu wa Marekani wanahesabu kwa maili, hiyo ni kama kilomita 48), kwenye lami kavu gari zima linahitaji takribani mita 13 kusimama tangu breki zishike. Kwenye barafu yenye unyevu juu yake linahitaji kama mita 90. Hapo ni karibu goli hadi goli pale uwanja wa Kirumba. Lakini ukipunguza mwendo hadi maili 15, zile mita 90 zinashuka hadi kama 23. Nusu ya mwendo imekupa robo ya umbali, na hakuna tairi wala kompyuta ya gari inayoweza kukupa punguzo la namna hiyo.

Utashangaa nikikwambia kwamba barafu ya Texas inaweza kuwa mbaya kuliko ya Minnesota, kule kaskazini kwenye baridi kali. Barafu inateleza zaidi ikiwa karibu na nyuzi 0, kwa sababu juu yake kuna utando wa maji. Kule kaskazini theluji ikiganda kwa nyuzi 20 chini ya sifuri inakuwa kavu kama mchanga na tairi linapata pa kushika. Kusini inadondoka mchana, inayeyuka chini ya matairi, jua likizama inaganda upya na kuwa kioo. Pia kuna mvua inayodondoka ikiwa maji na kuganda ikigusa lami. Hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote, maana unaona barabara imelowa tu, kama lami yetu baada ya manyunyu, kumbe ni barafu nyembamba isiyo na rangi.

Tarehe 11 Februari 2021, Fort Worth, jirani kabisa na huko unakokwenda, mvua ya namna hiyo ilidondoka alfajiri kwenye barabara kuu ya I-35W. Magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 walifariki. Waliokuwa mbele walikuwa wameshasimama, ila waliokuwa nyuma wakaendelea kuja kwa mwendo wao wa kila siku.

Usidhani hujui kitu, lakini. Umewahi kupanda kivuko pale Kamanga wakati mteremko wa zege umelowa na una ukoko wa kijani? Dereva mgeni anakanyaga mafuta, tairi linazunguka palepale. Mzoefu anakanyaga kidogo, kama anaogopa kuamsha mtoto, na gari linapanda. Au mvua ya kwanza ya Oktoba, ile inayokuta vumbi na oili ya malori ya miezi mitatu barabarani. Mguu wako unajua tayari. Kitakachobadilika ni kwamba kule hali hiyo utaikuta kilomita nzima, siyo mita 10.

Tairi lina nguvu moja tu ya kushika barabara, kama posho ya siku. Ukiimaliza yote kwenye breki, ya kukatia kona huna. Kwa hiyo punguza mwendo gari likiwa limenyooka, achia breki, ndipo ukate kona, na mafuta uyakanyage baada ya gari kunyooka tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tabia yetu ya kuingia kona ya Isamilo mguu uko kwenye breki, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, iache uwanja wa ndege.

Likianza kuserereka, angalia ni upande gani. Kama umekata usukani na gari linaendelea kwenda mbele, matairi ya mbele yameachia. Usiongeze kukata. Toa mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri yashike. Kama ni mkia unaokimbia, geuza usukani upande uleule mkia unakoelekea, kwa upole, macho yako yakiwa kule unakotaka kwenda na siyo kwenye nguzo unayoiogopa. Ukiitazama nguzo, mikono itakupeleka kwenye nguzo. Mimi niliitazama sana pipa la taka la jirani yangu, nikiwa na mwendo wa kutembea tu, nikaenda nalo hadi mlangoni kwake.

Breki za magari ya siku hizi zina ABS, kompyuta inayoshika na kuachia breki harakaharaka ili matairi yasijifunge. Ukizikanyaga kwa dharura, pedeli itatetemeka na kukoroma kana kwamba kuna kitu kimevunjika. Usitoe mguu. Kanyaga na kushikilia, kompyuta ndiyo inayopampu. Kupampu kwa mguu ni kwa magari ya zamani yasiyo na ABS. Kwenye mteremko weka gia ndogo mapema, kabla hujaanza kushuka.

Madaraja ndiyo yanayoganda kwanza. Siku ukivuka daraja la Kigongo–Busisi, sikiliza upepo unavyopita juu na chini yake. Barabara ya kawaida imelalia ardhi yenye joto, daraja halina kitu chini yake isipokuwa hewa. Dallas imejaa barabara za juu zinazopishana ghorofa kwa ghorofa, na zote hizo ni madaraja. Angalia kipimajoto cha dashibodi. Kitasoma kwa Farenhaiti, ambako 32 ndiyo sifuri yetu. Ukiona 36 ikishuka na barabara imelowa, punguza kabla ya daraja. Ukiwa juu yake usikanyage breki wala usibadilishe njia, pita tu.

Kuhusu gari lenyewe, mwulize dada kuna nini kwenye rejeta. Huku kwetu watu wanaongeza maji ya bomba na maisha yanaendelea. Kule maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na yanaweza kupasua bloku ya injini. Weka kuulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kuganda, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kioo cha mbele kikiganda usimwagie maji ya moto, kitapasuka. Washa hita, kwangua taratibu. Na ukikwama kwenye theluji huku injini inaunguruma, hakikisha bomba la moshi halijazibwa, la sivyo moshi wenye sumu utaingia ndani na hutasikia harufu yake. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa ili upate joto.

Jambo jingine nusura nilisahau: kule wanaendesha upande wa kulia. Mtu akishtuka mikono inarudi kwenye mazoea, na mazoea yako wewe ni kushoto. Endesha mwezi mzima wa ukavu kwanza.

Sasa swichi yako. Kwenye Toyota nyingi za gia otomatiki, SNOW inafanya gari liondokee gia ya pili badala ya ya kwanza, na kwa baadhi ya magari inapunguza makali ya pedeli ya mafuta, ili tairi lisizunguke bure. Kwenye breki haifanyi chochote. Hapa Mwanza inakufaa kwenye tope la udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, jaribu utaona. Na ukikuta gari limeshuka kutoka Japani na matairi yameandikwa STUDLESS, hayo ni ya theluji. Mpira wake ni laini, kwenye joto letu unaisha haraka na gari linayumba kwenye lami yenye maji. Yabadilishe, hata kama bado yana meno mazuri, na usimuuzie mwenzako.

Theluji ya kwanza ikidondoka huko, usiende kazini nayo. Januari 2014 Atlanta ilipata sentimita 6 hadi 7 tu, watu wote wakatoka ofisini kwa wakati mmoja, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yakakwama kwenye foleni hiyohiyo, na kuna watoto waliolala shuleni. Wewe subiri barabara zitulie, tafuta eneo la maegesho lililo tupu, dada akae pembeni. Nenda maili 10, kanyaga breki kwa nguvu mara moja, usikie ABS inavyokoroma. Rudia mara tano, sita, hadi mguu uache kushtuka.