Je, mchanganyiko wa makabila hudhuru afya ya jamii?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba watu wa asili mbalimbali wanapoishi pamoja hupungukiwa na imani baina yao, na afya yao huzorota. Je, kosa ni la mchanganyiko wenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, dai hilo lilipata nguvu mwaka 2007, pale Robert Putnam, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alipochambua majibu ya watu wapatao 30,000 na kuonyesha kwamba katika mitaa yenye mchanganyiko mkubwa wakazi huwaamini kidogo zaidi hata wenzao wa asili moja. Hata hivyo, mwaka 2015 wanasosholojia Maria Abascal na Delia Baldassarri walizipitia upya takwimu hizohizo, wakabaini kwamba asili ya wakazi, muda wanaodumu mtaani, na hali ya uchumi yao na ya mtaa wao vilieleza tofauti za imani vizuri zaidi kuliko mchanganyiko. Kwa maoni yangu, kabila hubebeshwa lawama ambayo aghalabu ni ya umaskini.

Kutoaminiana nako kuna chanzo. Huko Tuskegee, Alabama, kati ya mwaka 1932 na 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, ilhali penisilini ilikwisha kuwa tiba ya kawaida kabla ya mwaka 1950. Anayeikumbuka historia hiyo na kusita mbele ya sindano hawezi kuitwa mjinga, ingawa kusita kwake kunaweza kumdhuru.

Dhuluma nyingine hazina kelele. Mama asiyejua lugha ya daktari hutafsiriwa na mwanawe wa miaka kumi. Mama akiulizwa kuhusu hedhi au ukeni, hunyamaza kwa haya, na kwenye faili huandikwa kuwa hana tatizo jingine. Anaporudi akiwa mahututi, husemwa kwamba watu wa kabila lake hawapendi hospitali!

Mikutano ya kuhimiza umoja haitamsaidia mama huyo akikosa mkalimani mtu mzima anayelipwa na kuapishwa kutunza siri. Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya ya jamii: wakazi wenyewe washirikishwe kuwachagua, tena kutoka makundi yote, nao walipwe, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2018, kwa kuwa kazi ya kujitolea bila ujira humwelemea zaidi yule asiye na akiba.